Nimelipia kusimamiwa mwaka mzima, wamenisajili masomo yao. Hizi senta za kujisomea zitatumaliza!

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ile ya matokeo, hauhusiani kabisa. Nimekaa nalo rohoni tangu juzi na nikilala nalo tena leo nitaumwa.

Mimi ni mdada, mhudumu wa afya kwenye hospitali moja hapa Dar, zile kazi za kusukuma machela, kutandika vitanda na kumwaga mikojo ya wagonjwa. Shule niliachia kidato cha tatu, 2016, mimba, na enzi zile mnajua ilivyokuwa, ukionekana na tumbo hakuna mjadala unapewa begi lako. Mpaka serikali inakuja kuruhusu tuliojifungua turudi darasani, Novemba 2021, wa kwangu kashaanza chekechea, nikabanane kwenye dawati na watoto wa watu? Nikasema basi nafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, nipate cheti cha form four niombe diploma ya uuguzi. Na uuguzi hauna longolongo, wanataka ufaulu, Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo. Hizo tatu ndo nilizozifuata mimi, nyingine zote ni za kusindikiza.

Januari nikaenda kwenye senta moja (siitaji jina, sina hela ya wakili). Mama wa mapokezi ananiambia dada'angu umefika, hapa sio shule, hapa unajisomea mwenyewe ila unasimamiwa, unapewa moduli, kila Jumamosi unakutana na mwalimu msimamizi anakagua umefika wapi, anakusahihishia mazoezi, anasaini kadi. Laki nne na nusu ya mwaka na laki na ishirini ya mtihani. Kwanza walitaka nianze na QT, ule mtihani wa maarifa wa wasio na ufaulu wa form two, nikawatolea matokeo yangu ya form two ya 2015, nimefaulu, QT ya nini? Akacheka, "aah kumbe unayo". Pale pale nilitakiwa kushtuka, ila ukiwa na shida akili inalala.

Sasa hiyo moduli. Fotokopi ya fotokopi, notisi za mtu zimeandikwa kwa mkono, ya Kemia inatoka ukurasa wa 40 inarukia wa 47, na katikati hapo ndo palikuwa na hesabu za moles zenyewe. Mimi natoka zamu saa mbili usiku, nakaa chini na tochi ya simu maana mtoto kalala na taa inamwamsha, kiingereza changu cha kubabaisha, neno moja natafuta maana dakika tano, nikimaliza aya nimesahau ilianzaje. Ndo maana nikalipia msimamizi! Kama ni kusoma peke yangu na kamusi si ningesoma bure?

Msimamizi mwenyewe ni kijana kamaliza form six juzi juzi, mpole, sina ugomvi naye hata kidogo, alishaniambia na yeye wanamzungusha posho yake. Anaingia saa nne, anaandika ubaoni "someni topiki ya 4", anatoka nje kuongea na simu, tumemaliza, Jumamosi ijayo. Mazoezi unatumbukiza kwenye boksi ofisini. Mwezi wa sita nikaenda kuulizia ya kwangu, nikayakuta yote mle mle kwenye boksi, pini sijui stepla hazijaguswa, juu yake wameweka birika la chai, zoezi langu la genetiki lina duara la birika kama muhuri. Hiyo ndo alama pekee niliyowahi kupewa pale.

Na msiniambie mazoezi sio ishu. Mtoto wa shule anaingia kwenye mtihani na alama zake endelevu, zile za kazi za shuleni, kibindoni, sisi wa kujitegemea hatuna hiyo, karatasi ya Novemba ndo kila kitu. Kwahiyo kama hakuna mtu wa kukuambia umekosea wapi, unaenda kukosea siku yenyewe.

Halafu Agosti wakakusanya kadi zetu zote eti kuna ukaguzi. Kesho yake kadi imerudi imejaa saini kila Jumamosi tangu Februari, kalamu moja, mkono mmoja, zote zimelalia kulia. Moja imesainiwa tarehe 29/02/2025. Wakuu. Februari ya 2025 ilikuwa na siku 28!! Yaani wamenisimamia mpaka siku ambayo haikuwepo.

Hayo yote nilimeza. Juzi sasa nimeenda kwenye kituo cha mtihani kuangalia namba yangu, orodha imebandikwa ukutani, nimeiona P yangu (namba ya mtahiniwa wa kujitegemea), jina langu, pembeni namba za masomo, nikapitisha kidole: 011, 012, 013, 021, 022, 041, 061. Nikarudia. Natafuta 031, 032, 033, hakuna. Fizikia hakuna, Kemia hakuna, Baiolojia hakuna. 061 ni Commerce. COMMERCE! Mimi Commerce sijawahi hata kushika jalada lake. Miguu ikaisha nguvu nikakaa kwenye ngazi, mlinzi akaniletea maji.

Na kosa langu nalisema kabisa, usajili sikufanya mwenyewe. Kumbe unaenda kituoni unapewa namba rejea, unalipia, unajaza mwenyewe kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, masomo unayotaka, ada elfu 50. Mimi nikatoa laki na ishirini nikaambiwa "tulia tumeshakusajili", risiti ni karatasi ya daftari. Mnaofikiria mwakani, dirisha linafunguliwa Januari, shika simu yako ujaze mwenyewe na uprinti, mtu asikuambie tulia.

Jana nikampandia mkurugenzi. Hata hajatingishika. "Dada, sayansi inataka maabara na sisi hatuna, tukaona tukusaidie usije ukapata ziro." Nikamuuliza maabara hamna tangu Januari au imeungua Agosti? Mbona moduli ya Kemia mliniuzia? Kimya. Hela? "Hela ya usajili ilishatumika." Nikamwekea kadi mezani nikamwonyesha ile 29/02, akaivuta taratibu anataka kuiweka kwenye droo, nikaidaka.

Naomba mwenye uelewa anisaidie, kuna namna yoyote ya kubadilisha masomo saa hizi au ndo nasubiri Januari? Na hii kadi naipeleka wapi, elimu ya watu wazima wilayani au polisi moja kwa moja? Picha zake ninazo. Tupo 11 wenye kesi kama hii, wawili walikuwa wanataka famasia.

UPDATE: Mama wa mapokezi kanipigia sasa hivi, eti bosi kasema niende tu nikafanye hiyo hiyo, "cheti si ni cheti tu mdogo wangu". Nimemuuliza hiyo Commerce inatafuta mshipa wa mgonjwa? Kakata simu.