Naomba ushauri: Duluti kwanza au shahada ya uzamili?

Wakuu, habari za majukumu. Mdogo wangu ni Meja wa JWTZ, mhandisi, kapitia chuo cha maofisa wa jeshi, Monduli. Anasubiri jina lake litoke kwenda Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, na hapohapo kapata udahili wa shahada ya uzamili. Barua ya udahili anatembea nayo, imechakaa kwenye mikunjo, hajaijibu.

Mimi namwambia ashike Duluti. Anayelenga Luteni Kanali asiposoma unadhimu, yaani kupanga na kuratibu shughuli za jeshi, atabaki fundi mzuri tu, na vyeo vya juu nafasi zake ni chache. Yeye anahofia taaluma yake kufifia, maana kustaafu jeshini kuna umri wake na baadaye atahitaji kazi uraiani.

Mliopita huko, hasa maofisa wahandisi: mlianza na kipi? Na je, amweleze mkuu wake wa kikosi mapema au asubiri orodha itoke?