Bolti za sabufremu ya Premio zikazwe kiasi gani?

Wakuu, fundi kashusha sabufremu (fremu ndogo ya chini inayobeba amu) ya Toyota Premio yangu abadilishe bushi (mipira ya maungio) za amu, ile mikono inayoshikilia magurudumu. Kurudisha, kakazia kwa spana iliyochomekwa bomba. Namuuliza kipimo, ananijibu "mkono unajua". Nyutonimita (kizio cha nguvu ya kukaza) ngapi?

— Usikope namba ya gari jingine. Nyutonimita 103 ni ya nati za tairi za Toyota nyingi, watu wanaipachika kila mahali! Tafuta kitabu cha ufundi cha chesisi yako.

— Na nyuzi usizipake oili kama kitabu hakijasema. Msuguano ukipungua, kipimo kilekile kinaivuta bolti zaidi.

— Bushi je? Bolti za amu hukazwa mwisho gari likiwa limekalia matairi. Likining'inia, bushi hubaki imejisokota, inachanika mapema.

Duh, alikaza likiwa juu ya jeki! Kesho narudi, na spana ya kipimo naazima mwenyewe.