Ushauri: kadi ya Hakoah Vienna yenye sahihi inauzwa pamoja na karatasi inayonitia wasiwasi

Mtanga_Vienna:
Wakuu, salaam. Mimi mtu wa Tanga, naishi Vienna mwaka wa tisa sasa. Marehemu baba alitunza vishina vya tiketi za Coastal Union za 1988, ule mwaka wa ubingwa, ndani ya kopo la biskuti. Mapenzi haya nimeyarithi kwake.

Hapa nimezama kwa Hakoah, klabu ya Wayahudi iliyoanzishwa 1909. Mwaka 1923 waliichapa West Ham 5-0 kulekule London, na 1925 wakatwaa ubingwa wa Austria. Kipa wao, Alexander Fabian, alivunjika mkono kwenye mechi ya kuamua. Enzi hizo hakuna kubadilisha mchezaji, basi mkono ukafungwa, akapelekwa kucheza mbele, na goli la ushindi akafunga yeye. Kikosini alikuwemo Béla Guttmann, huyuhuyu aliyekuja kumfundisha Eusébio pale Benfica. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, klabu ikavunjwa na matokeo yake yakafutwa. Wapo wachezaji waliouawa.

Alhamisi kuna mnada. Fungu ninalolitaka lina kadi ya picha ya timu, ziara ya Marekani ya 1926, yenye sahihi tisa. Lakini wameambatanisha karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwa Kiebrania, "ukurasa wa daftari la jumuiya". Nilikwenda kuviona. Karatasi ina matundu manne ya uzi upande wa kulia, na ukingo uleule ni mweupe, umenyooka kama umepitishwa wembe juzi. Kwingine kote imegeuka rangi ya chai. Bei ya kuanzia yuro 200. Nifanyeje?

Udalali_Zamani:
Mkuu, kwanza hesabu. Nyundo ikigonga 400, hulipi 400. Ukikuta kamisheni ya mnunuzi ni 25%, hiyo ni 500 tayari, bado usafirishaji na bima. Soma masharti yao leo, usisubiri ankara. Kingine, omba kwa maandishi maelezo ya hali ya kitu na ya nani alikuwa nacho kabla. Dalali anayejiamini hujibu siku hiyohiyo.

Kalamu_Nairobi:
Kuhusu sahihi, nenda na lenzi. Wino wa kalamu ya kuchovya huzama kwenye karatasi, na mstari hunenepa pale mkono ulipokandamiza. Ukiona vidoti vidogovidogo, hiyo imechapwa kiwandani. Ukiona mfereji wa kalamu ya bolipeni, ondoka: bolipeni hazikuwa sokoni mpaka baada ya 1938. Beba pia tochi ya mwanga wa urujuanimno. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kuenea miaka ya 1950, kwa hiyo haiwezi kuwa ya 1926.

BintiMvita:
Kaka yangu, mimi kadi sina neno nayo. Mchezaji alisaini akampa shabiki, ikauzwa, ikauzwa tena. Hiyo ni mali ya kuzunguka. Ukurasa wa daftari hauko hivyo. Madaftari hayo jumuiya ziliandika ndoa, michango, na majina ya waliozikwa. Mji ambao Wayahudi wake waliuawa wote, huenda huo ukurasa ndio mahali pekee jina la mtoto fulani lilipobaki. Hakuna aliyeketi akaamua kuuza. Julai 2021 mamlaka za Marekani zilikamata maandishi 17 ya aina hii yaliyofika mnadani New York, yakitokea Romania, Hungary, Ukraine na Slovakia. Na wembe ulioutaja unaniambia daftari lenyewe liko mahali, limekatwakatwa liuzwe vipande.

MzeeWaKinondoni:
Bintiyangu umesema vyema, ila Mtanga akiiacha karatasi hiyo, Alhamisi atainunua mtu wa kuifungia kabatini. Si bora anunue yeye, kisha arudishe?

BintiMvita:
Shikamoo mzee. Akinunua, aliyekata atakata ukurasa mwingine. Mnada bado, nafasi ipo. Aipige picha mbele na nyuma, aipeleke kwa idara ya kumbukumbu ya jumuiya ya Wayahudi hapohapo Vienna, na kwa Hifadhi Kuu ya Historia ya Watu wa Kiyahudi, Jerusalem. Wao watajua ni mji gani. Atafute pia mwaka wa kalenda ya Kiyahudi: huandikwa kwa herufi, na 5684 kwa mfano ni 1923 kuingia 1924 ya kalenda yetu.

Mtanga_Vienna:
Wakuu, mrejesho. Nimetuma picha kote kuwili. Jirani yangu anayesoma Kiebrania alikaa na simu yangu mezani akanisomea majina ya waliozikwa polepole, kumi na mawili, matatu yakiwa ya ukoo mmoja ndani ya wiki moja. Sikuweza kula vizuri jioni ile.

Nimemwandikia dalali nikamwambia sitapandisha dau mpaka karatasi itoke. Leo asubuhi kajibu: imeondolewa, inashikiliwa hadi jumuiya itoe neno. Kadi itanadiwa peke yake. Nimeipitisha kwenye lenzi na tochi, imetulia. Dau langu la mwisho ni 300, nimeliandika na kumkabidhi mke wangu, atakuwa kando yangu Alhamisi.