Mrejesho: Baba mdogo karudishiwa SNAP

Wakuu, shikamooni na asanteni. Ni mimi niliyeuliza kuhusu baba mdogo, raia wa Marekani mwenye miaka 58, aliyekatiwa SNAP (msaada wa chakula wa serikali ya Marekani) baada ya miezi mitatu bila kuonyesha saa 80 za kazi kwa mwezi. Mzee alijua ukomo wa umri wa kudaiwa hizo saa ni miaka 54. Kumbe sheria ya 2025 imeufikisha 64.

Ushauri mlionipa, wa kupeleka barua ya daktari kuhusu magoti yake, uligonga mwamba. Barua ilitaja maumivu tu, haikusema hawezi kufanya kazi.

Kilichofanya kazi ni kujumlisha saa. Kibarua cha ghalani kilimpa kama 50 kwa mwezi, zilizobaki akajitolea kugawa chakula kanisani (fikiria, anagawia watu unga na kadi yake ya msaada haina kitu!). Kila siku alisainiwa karatasi. Alipofikisha 80 ndani ya siku 30, tukaomba upya na stakabadhi za mshahara juu. Wamekubali.

Miezi miwili aliyokosa hawajamlipa. Aliyenihimiza kutunza zile karatasi za saini, nina deni lako la pilau.