Kuhamia Mbeya na familia: ukae mjini au pembeni? Tupeane uzoefu

Mgeni wa Januari

Wakuu habari za jioni. Nimepata uhamisho kutoka Dar, naripoti Januari, ofisi ipo maeneo ya Kabwe. Mke wangu anauza nguo, na tuna watoto watatu: mmoja anaingia darasa la nne, mmoja la kwanza, wa mwisho bado ananyonya. Kila ninayemuuliza ananitajia mtaa wake. Mmoja Forest, mwingine Isyesye, shemeji yangu yeye ameng'ang'ania Mbalizi kwa sababu ana kiwanja huko na anataka jirani. Nimeishi Mbagala, foleni hainitishi. Naomba walioishi na familia, siyo waliopita na basi la Tunduma, mniambie mlilipia nini na mkapata nini. Iringa na Njombe nanyi karibuni, baridi yenu ni moja.

Mzee wa Kadege

Karibu Mbeya kijana wangu. Kwanza weka pembeni ramani ya Dar. Huku mji umelala bondeni chini ya mlima Loleza, na karibu kila kitu kimeshikilia barabara moja, hiyohiyo ya Dar kwenda Zambia. Uyole, Ilomba, Sae, Mwanjelwa, Nzovwe, Iyunga, Iwambi, mpaka Mbalizi, vyote viko juu ya lami hiyo. Malori ya Kongo na Zambia yanapita humo, mabasi ya mikoani humo, bajaji za sokoni humo, na gari la shule la mwanao humohumo. Lori likikatika breki au likifia kwenye mteremko wa Iwambi, mtu wa Mbalizi anaona taa za kwao na hafiki.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kabla hujasema mjini au pembeni, hakikisha ofisi, shule na nyumba viko upande mmoja wa Mwanjelwa, pale sokoni. Hilo tu litakuokolea asubuhi nyingi. Wapo watu wanaishi Uyole, mbali kabisa kwa ramani, wanafika kazini Nanenane kabla jirani yangu wa Forest hajavuka kwenda Iyunga. Ule mradi wa njia nne wa Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, utabadilisha mengi, lakini usipange nyumba kwa ajili ya barabara inayojengwa. Panga kwa ile utakayoikuta siku unaripoti.

Mimi nimelea wanangu Forest ya Zamani. Nyumba za zamani, miti, viwanja vipana, watoto walikwenda shule kwa miguu na kurudi mchana kula. Kodi ni kubwa, sikufichi. Na nyumba zenyewe dari liko juu, vyumba vikubwa, Juni unavaa koti ukiwa sebuleni.

Mama wa Isyesye

Mzee shikamoo. Kaka Mgeni, mimi nitasema upande ambao wanaume hawausemi.

Tulihamia Isyesye kutoka Soko Matola. Kule tulikuwa na vyumba viwili ndani ya geti la wapangaji wengi, choo cha kushirikiana, mita ya LUKU moja kwa kaya nne, kila wiki ugomvi wa nani anapika kwa jiko la umeme. Kwa kodi ileile Isyesye tukapata nyumba nzima: vyumba vitatu, choo ndani, uwanja wa kulima, na viwanja vimepimwa kwa hiyo mitaa imenyooka, siyo vichochoro. Mume wangu alifurahi sana. Ana gari.

Sasa mimi sina gari. Yeye akiondoka asubuhi, anarudi usiku, mtaa unabaki na nani? Wanawake, watoto na mafundi. Pale Soko Matola nilikuwa nikiishiwa nyanya namtuma mtoto. Huku kipindi cha kwanza duka lilikuwa moja, na mwenye duka akienda msibani ndiyo basi. Mtoto akipata homa mchana unaanza kupiga simu kwa bodaboda unayemjua. Mvua ikishika, kuanzia Desemba mpaka Aprili, ile barabara ya vumbi uliyoiona nzuri inakuwa utelezi mtupu, bajaji zinakushusha kwenye lami na kukuambia malizia kwa miguu. Na wewe una mtoto mgongoni na unga mkononi.

Sisemi ni pabaya. Leo nina bustani ya mchicha na chainizi, maharage, viazi vya kula mwenyewe, watoto wanacheza bila mimi kuwapigia kelele za magari. Majirani tumezoeana, tuna kikundi cha kukopeshana. Nisingerudi mjini. Lakini ilinichukua muda mrefu kufika hapo, na muda huo niliupita peke yangu wakati mwenzangu anasifia utulivu. Kwa hiyo mlete wifi yangu aone nyumba mwenyewe, msikubaliane kwa picha za simu. Anayeshinda nyumbani ndiye achague mtaa.

Kijana wa SIDO

Mke anauza nguo halafu unamfikiria Mbalizi? Mkuu, muweke karibu na Mwanjelwa. Mzigo wa mitumba unafunguliwa alfajiri, anayefika saa mbili anakuta mabaki. Mimi naishi Mabatini, napanda soko kwa miguu. Kelele zipo, spika za makanisa zipo, mkesha wa Ijumaa utaujua vizuri. Ila pesa iko hapa.

Jirani wa Spika

@Kijana wa SIDO spika usiwasingizie watu wa mjini peke yao. Mimi nilikimbilia Iwambi kutafuta ukimya, mwezi uliofuata kanisa la mabati likaota ukutani kwangu. Sasa nimejua nyimbo zote, nafikiria kujiunga na kwaya.

Mgeni wa Januari

Nimecheka. Mama wa Isyesye, nimemsomea mke wangu maneno yako yote, amesema "huyo ndiye dada yangu". Swali lingine: huyu mdogo bado ananyonya, baridi ya huko mnaimudu vipi? Na kuna tofauti kati ya mtaa na mtaa?

Nesi Mstaafu

Tofauti ipo tena kubwa. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Songwe, upande wa Mbalizi, uko kwenye mita 1,300 na ushee. Ndiyo maana ukishuka Iwambi unaanza kufungua vifungo vya sweta. Uyole na mitaa iliyopanda kuelekea mlimani, kama Iganzo, Juni na Julai ni ya blanketi mbili. Upande wa pili wa jambo: kunakopoa, mbu ni wachache. Ukikaa chini kule kwenye joto, chandarua kisikae kabatini, hasa kwa mtoto mdogo.

Kuhusu huyo mchanga, mvalishe soksi na kofia, mwogeshe mchana jua likiwa limetoka, siyo saa kumi na mbili asubuhi kama mlivyozoea Dar. Na nakuomba sana: wageni wengi wakishikwa na baridi wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, unalala huamki. Familia nzima inaweza kuondoka kwa usiku mmoja. Pasha chumba mkiwa macho, mlango wazi, kisha toeni jiko nje kabla ya kulala. Unapokagua nyumba tazama dari na madirisha. Nyumba isiyo na dari, bati tupu, Julai utailaani hata kama kodi yake ni ya kutupa.

Hospitali: Meta, ambako akina mama wengi wanajifungulia, na ile ya Rufaa zote ziko mjini. Upande wa Mbalizi kuna Ifisi, kwa hiyo watu wa huko hawajatupwa. Anayepata shida zaidi usiku ni aliye katikati, mbali na lami.

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene wakuu. Iringa tunaingia kidogo.

Mji wetu uko juu ya kilima na barabara kuu inapita chini, Ipogolo, kando ya Ruaha Mdogo. Kwa hiyo kwetu pembeni kuna maana mbili: kuna pembeni ya juu na pembeni ya chini. Gangilonga na Wilolesi ni mitaa ya utulivu na karibu na mjini, kodi yake utaisikia. Mimi mshahara wa mwalimu ulinipeleka Kihesa. Tatizo la Kihesa ambalo sikuambiwa na mtu ni wanafunzi wa vyuo. Mwenye nyumba akipiga hesabu, vyumba vitano kwa wanafunzi watano vinamlipa kuliko familia moja yenye watoto wanaochora ukutani. Kwa hiyo nyumba nzima ya familia unaitafuta mpaka viatu vinaisha, na ukiipata, upande wa pili wa ukuta kuna muziki mpaka usiku wa manane wiki ambayo hawana mitihani. Chuo kikifungwa, mtaa unakuwa mtupu kabisa, mama muuza chipsi naye anaondoka.

Mwenzangu alishuka Ipogolo. Joto kidogo, nyumba kubwa, na tangu stendi ya mabasi ya mikoani ihamie Igumbilo upande ule umechangamka. Ila watoto wake wanasoma juu, na kila asubuhi ni kupanda mlima kwa daladala iliyojaa. Yeye anasema amezoea. Mke wake hajasema hivyo.

Dereva wa Songwe

Mimi nitamtetea shemeji yako, maana Mbalizi mnaisema kana kwamba ni nchi nyingine. Nimejenga huko. Nilianza na vyumba viwili vilivyoezekwa, tukahamia bila plasta, tukamalizia tukiwa ndani. Mjini ningekuwa bado napanga. Soko la Mbalizi linajitosheleza, mchele na maharage vinashuka hapohapo kutoka vijijini, na shule zipo. Fahamu tu kwamba Mbalizi ni halmashauri ya wilaya, siyo jiji, kwa hiyo mambo ya kiwanja na vibali unayafuata huko.

Lakini ofisi yako ni Kabwe. Hapo nakubaliana na Mzee. Mimi kazi yangu iko uwanja wa ndege, naishi upande wa kazi. Ningekuwa naenda Kabwe kila siku nisingejenga huku. Shemeji apewe pole, jirani atampata mwingine.

Mpima Tope

Hakuna aliyetaja mteremko. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetele ulishuka ukafunika nyumba kule Itezi, mtaa wa Gombe, tope lilipanda mpaka madirishani. Tangu hapo mimi nikipelekwa kuona nyumba naanza kutazama juu, halafu ndiyo naangalia vyumba. Kuna nini juu yako? Msitu, shamba lililolimwa, au mtu anachimba mchanga? Maji ya mvua yanapita wapi? Uliza mama anayeuza mkaa jirani, siyo dalali.

Na tafuta nyumba wakati wa mvua ukiweza. Septemba kila mtaa wa Mbeya ni mzuri, jua, upepo, barabara ngumu, dalali anatabasamu. Rudi Februari uone. Nyumba ileile gari haifiki, ukuta umeota ukungu, na maji ya bomba ambayo uliambiwa hayakatiki yana siku zake. Uliza majirani wawili, siku gani maji yanatoka na saa ngapi. Kama kuna simtanki kwenye kila nyumba mtaani, jibu umeshalipata bila kuuliza.

Mgeni wa Januari

Nashukuruni sana. Tumekaa na mama watoto jana tukaondoa Mbalizi na Isyesye, angalau kwa kuanzia. Tunafikiria kupanga Sae, Ilomba au Forest Mpya, halafu kiwanja tutatafuta taratibu tukishajua mji. Dalali mmoja ameniambia nitume hela ya kuoneshwa nyumba na kodi ya mwaka mzima ili "asiipoteze". Mnasemaje? Na huyu wa darasa la nne kuna la kuzingatia?

Kijana wa SIDO

Usitume hata mia. Nyumba hizo zinauzwa kwa watu watano kwa picha moja. Fikia nyumba ya wageni au kwa ndugu wiki ya kwanza, tembea kwa miguu, vibao vya "nyumba inapangishwa" vipo. Ilomba wengi wanakubali miezi mitatu au sita. Dalali utamlipa ukishaona funguo, na kabla ya kumlipa hakikisha uliyesaini naye ndiye mwenye nyumba, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mama wa Isyesye

La shule nalijibu mimi, maana nimelipitia na wa kwangu. Darasa la nne wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, na mtoto anasajiliwa kupitia shule aliyopo. Barua ya uhamisho peke yake haitoshi. Kabla hujaondoka Dar, mwalimu mkuu amhamishe kwenye PREM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, na wewe uwe umeandika namba yake ya PREM kwenye daftari lako. Ukifika huku shule mpya impokee kwenye mfumo, siyo kumkalisha darasani tu. Wapo wazazi wanaokaa mpaka katikati ya mwaka wanafuatilia uhamisho kwa simu shule ya zamani, na mwalimu mkuu wa kule naye keshahamishwa.

Sare mshonee huku. Na sweta la shule ununue mawili, moja likilowa halikauki siku hiyohiyo.

Mgeni wa Januari

Sweta mawili kila mmoja, nimeandika. Namba ya PREM naifuata Jumatatu.

Mzee wa Kadege

Ukifika Sae ulizia upande wa juu wa barabara, malori usiku yanasikika kidogo kuliko chini. Nitafute kwa ujumbe, kuna mjane jirani na kanisa letu nyumba yake ndogo inabaki wazi mwezi wa kumi na mbili, hapendi madalali.