Nauza Land Rover 109 Series III, Masai Red: nithibitisheje kuwa rangi ni ya kiwandani?

Mirambo_109 (Tabora)

Wakuu, naomba mwongozo kabla sijaiweka gari sokoni.

Ni Land Rover 109 Series III, pikapu, ya 1981. Injini ni ileile ya petroli lita 2.25 (2286 cc) na namba yake inalingana na kadi. Boriti ya nyuma ya chasisi imebadilishwa, mikono miwili ya pembeni imechomelewa mipya, na sakafu ya miguuni imetiwa bati jipya pande zote mbili. Bodi ni alumini ya mwanzo, isipokuwa mlango wa kulia umetoka kwenye gari nyingine.

Kilichonileta ni rangi. Kadi inasema nyeupe, na ilikuwa nyeupe kweli wakati kazi inaanza. Chini ya nyeupe kukatoka kijivu, chini ya kijivu nyekundu iliyokolea. Nyekundu hiyo ipo pia ndani ya sanduku la viti, mahali ambapo mafundi huwa hawahangaiki kupuliza. Kwenye orodha ya rangi za Land Rover inaangukia Masai Red. Gari imerudishwa hivyo: 2K (rangi ya kuchanganywa na hadina, kikaushio chake) bila kliya (vanishi angavu ya juu), paa na ringi Limestone, nyeupe ya krimu. Rangi ina miezi minne sasa.

Dalali mmoja anasema nipige kliya juu ili ing'ae. Mteja wa Kigoma anaitaka, ila kwa sharti iwe kijani. Mimi nataka kuiuza kama ilivyo, kwa mtu anayejua anachonunua. Nianze na ushahidi gani? Na hiyo "nyeupe" ya kwenye kadi itanisumbua?

---

Bandari_Kigoma

Mkuu, hongera kwa kutoikimbilia kijani. Ila neno "adimu" lipime kabla hujaliandika. Masai Red haikuwa rangi ya ajabu kwa Rover. Range Rover ilipozinduliwa 1970 ilikuwa na rangi sita, na hii ni mojawapo, pamoja na Lincoln Green, Tuscan Blue, Davos White, Bahama Gold na Sahara Dust. Uadimu wako uko kwenye kuiona juu ya 109 ya kazi, kwa sababu nyingi tulizozizoea huku ni kijani, kijivu au Limestone. Kwa hiyo andika "109 yenye Masai Red ya kiwandani", usiandike "rangi pekee duniani". Anayejua akiona chumvi kwenye mstari wa kwanza hasomi wa pili. Na liache jina kwa tahajia ya kiwanda, Masai, si Maasai, kwani mnunuzi wa nje anatafuta hivyo.

Ushahidi mzito kuliko wote ni cheti cha British Motor Museum, Gaydon, Uingereza. Wao ndio wanaotunza madaftari ya kiwanda. Unaomba kwa namba ya chasisi na kulipa mtandaoni. Cheti kinataja tarehe gari ilipotoka kiwandani, rangi yake na ilikopelekwa. Tahadhari moja: kama gari ilisafirishwa ikiwa vipande, yaani CKD, na kuunganishwa huku Afrika (Thika palikuwa na kiwanda cha namna hiyo), daftari la Uingereza linaweza lisiwe na rangi kabisa, maana rangi ilipigwa ilikounganishwa. Basi omba cheti kwanza, tangazo lifuate.

Namba ya chasisi isome kwenye chasisi yenyewe, usitegemee kibao peke yake. Imegongwa mbele kulia, pale mkono wa springi unaposhikia chasisi. Ikiwa imefunikwa na rangi, itoe kwa dawa ya kubandua rangi na brashi ya nailoni. Usipitishe grainda hapo hata kwa bahati mbaya. Mikwaruzo ya grainda juu ya namba inafanana na gari iliyochezewa, na mkaguzi hatakuuliza nia yako ilikuwa nini.

Ushahidi wa pili uko ndani ya hilo sanduku la viti. Usilisafishe kwa thina wala kulipuliza. Chagua eneo la ukubwa wa kiganja, lipige msasa wa maji P400 kisha P800, ukitanua taratibu mpaka tabaka zionekane kama pete: nyeupe na kijivu kama zilifika humo, nyekundu, praima (rangi ya msingi), alumini. Weka sarafu pembeni upige picha. Jambo la kutazama ni kilicho chini ya nyekundu. Ukikuta praima kisha alumini laini isiyo na mistari ya msasa, nyekundu ndiyo ya kwanza. Ukikuta mistari, au chembe za rangi nyingine kwenye vichwa vya riveti, kuna mtu alishapita kabla ya nyekundu, na hapo cheti pekee ndicho kitakachokuokoa.

---

Fundi_Rangi_Isevya

Kliya sahau. Gari hizi zilitoka kiwandani na rangi ya hatua moja, haina kliya juu. Ukiipiga utapata mng'ao wa sahani, na mnunuzi wa gari za zamani ataujua kutoka upande wa pili wa barabara. Isitoshe, ina miezi minne na bila shaka imeshapakwa nta. Kliya juu ya nta inatoa macho ya samaki, vishimo vidogo bodi nzima, na dawa yake ni kurudi kwenye msasa.

Ing'arishe hivyohivyo. Osha, kausha, pitisha udongo wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni, kisha kompaundi laini kwa sponji, mashine ikiwa kwenye mwendo mdogo. Kingo za mabawa, mkunjo wa boneti na vichwa vya riveti vifunike kwa tepu, fanya kwa mkono. Hapo rangi huwa nyembamba na mashine inakula mpaka praima kwa sekunde chache. Kitambaa kikitoka chekundu usishtuke. Rangi isiyo na kliya lazima iachie kidogo, na ni vizuri mnunuzi aone mwenyewe kwa sababu ni dalili kwamba kliya haipo.

Halafu jiandae kwa kipimo cha unene. Wanunuzi makini wanakuja nacho, lakini vile vya bei rahisi vinasoma juu ya chuma tu, kwenye alumini vinakaa kimya. Kinachotakiwa ni kile kinachosoma pia metali zisizovutwa na sumaku. Tafuta kimoja, upime mwenyewe sehemu kama 20 na kuandika. Kazi iliyoanzia kwenye alumini tupu huwa kati ya maikroni 120 na 200 hivi. Ukiona 300, kuna rangi ya zamani chini. Ukipita 500, hapo pana pati, kile kijazio cha mabonde ya bodi. Pati si dhambi, ila itaje iko wapi. Vilevile mjanja akija na sumaku kutafuta pati kwenye mabawa, mwambie mapema kwamba sumaku haishiki alumini. Aipeleke kwenye ukuta wa mbele wa kabini, fremu za milango na chasisi.

Je, zile kingo za zinki juu ya sanduku la mizigo la nyuma umezipaka? Kwenye Series III zinabaki kijivu cha zinki. Zikiwa nyekundu, zibandue kwa dawa.

---

Ujiji_4x4

Mimi nitatofautiana kidogo. Mteja wa huku Kigoma anataka gari ya kubeba mawese na saruji, na nyekundu inapauka. Rangi ya historia haimlipi. Kama una haraka ya hela, mpe kijani aondoke nayo.

---

Fundi_Rangi_Isevya

Hoja ya kupauka ni ya kweli, mkuu. Nyekundu isiyo na kliya juani inageuka chaki, halafu inaelekea waridi, boneti ikitangulia. Tabora kuanzia Mei mpaka mvua za Novemba jua halina huruma. Lakini hilo ni suala la kivuli na nta kila baada ya miezi miwili au mitatu. Kuipaka kijani ni kumfanyia kazi ya bure mtu asiyeitaka hii gari. Ataipata 109 nyingine ya kijani kwa bei ndogo, tena yenye injini ya dizeli ya Toyota ambayo kwa mizigo yake itamfaa zaidi.

---

Mirambo_109

Nashukuru sana wakuu. Kingo za zinki sijazigusa. Lakini kuna kitu nimekiona leo: chini ya mlango wa kulia, kwenye mkunjo, kuna malengelenge matatu ya ukubwa wa punje ya mtama. Mlango wa kushoto hauna kitu. Ni rangi au ni kutu?

---

Fundi_Rangi_Isevya

Ni mlango wenyewe. Ngozi ya mlango ni alumini, fremu ya ndani ni chuma. Vikigusana na unyevu ukiingia kwenye mkunjo, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe unaosukuma rangi. Toboa lengelenge moja kwa sindano. Unga mweupe, basi ni alumini kuliwa. Maji ya kahawia, kutu ya fremu. Rangi ikibanduka safi na alumini ikabaki inang'aa, praima ya asidi haikupigwa au ilipigwa juu ya mafuta.

Kwa unga mweupe: fungua mkunjo hapo kwa sentimita 10, sugua kwa brashi ya chuma cha pua (si ya chuma cha kawaida, inaacha chembe zinazoanzisha ugonjwa upya), osha, kausha kwa hewa ya moto. Fremu ipake praima ya epoksi, weka silanti kati ya metali mbili, funga mkunjo. Nje piga praima ya asidi tabaka moja jembamba, unaloweza kuona alumini kwa mbali. Pati ikihitajika isikae moja kwa moja juu ya praima ya asidi, kwa sababu asidi inazuia pati kukomaa na baada ya miezi inabanduka kama ganda. Weka epoksi katikati. Kisha hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya mlango yako wazi. Nina wasiwasi ndiyo yaliyozibwa.

Rangi iliyobaki unayo? Mnunuzi apewe nusu lita isiyochanganywa na hadina, fomula ya mchanganyiko kwa gramu, na karatasi ngumu ya sampuli iliyopulizwa rangi hiyo. Kwa rangi isiyo ya kawaida, bila fomula mkwaruzo mmoja wa bawa unaweza kumlazimisha kupaka upande mzima.

---

Kadi_Kwanza

Hiyo "nyeupe" ishughulikie kabla ya mteja hajafika. Gari nyekundu yenye kadi nyeupe inakwama kwa trafiki, na inakwama tena wakati wa kuhamisha umiliki. Peleka gari kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, upate ripoti inayotaja rangi, namba ya chasisi na ya injini, kisha TRA wabadilishe taarifa. Ripoti hiyo itakusaidia pia kwa mnunuzi, maana inaonyesha namba zote zimekaguliwa zikiwa hazina mashaka.

Ukiuza ndani ya nchi: mkataba wa mauziano mbele ya wakili, TIN za pande zote mbili, na uhamisho ufanyike kweli. Usikubali "nitahamisha baadaye", kwa sababu faini na ajali zitaendelea kusoma jina lako. Malipo yawe TISS, yaani uhamisho wa benki kwa benki, na kadi itoke mkononi baada ya benki yako kuthibitisha salio. Picha ya meseji si malipo. Mtu akikulipa zaidi ya bei na kukuomba umrudishie ziada, achana naye.

Ukiuza nje, gari ifutiwe usajili TRA na pleti zirudishwe kabla ya kupanda meli. Na hapa ndipo uasilia unapogeuka hela. Uingereza, gari yenye zaidi ya miaka 30, ya aina isiyotengenezwa tena na iliyobaki katika hali yake ya asili, inaweza kuingia kama kitu cha mkusanyaji: hakuna ushuru wa forodha, na VAT ni asilimia 5 badala ya 20. Ukishabadilisha injini au chasisi ya aina nyingine, unaweza kuikosa nafuu hiyo. Marekani kigezo ni miaka 25. Kwa hiyo injini yako ya 2.25 na cheti cha rangi viweke kwenye faili moja, pamoja na picha za chasisi kabla na baada ya kuchomelewa. Mlango wa kulia utaje wewe mwenyewe.

---

Mirambo_109

Nimetoboa, ni unga mweupe. Na matundu yalikuwa yamezibwa na silanti, fundi ulikuwa sahihi. Swali la mwisho: picha za simu zinaionyesha kama nyekundu ya zimamoto, wakati kwa macho imezama zaidi. Na kuifikisha Dar, niendeshe au nipakie?

---

Bandari_Kigoma

Piga saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, gari ikiwa kwenye kivuli cha wazi, jua lisiigonge. Weka karatasi nyeupe ya A4 kwenye boneti, gusa skrini juu ya karatasi na kushikilia ili simu ifunge mwanga, kisha shusha mwanga kidogo, maana nyekundu ndiyo inayopotea kwanza kwenye kamera. Karatasi ibaki ndani ya picha moja. Piga pia chini ya gari bila kuosha, na video ya kuwasha injini ikiwa ya baridi, ekzozi ikionekana.

Dar ipakie kwenye lori la gorofa. Mikanda ifungwe kwenye ekseli au magurudumu, isipite juu ya bodi. Turubai usilitie: upepo unalipiga na vumbi likiwa chini yake, ukifika Dodoma rangi imeshapigwa msasa. Kwa kontena usiwe na hofu. 109 ina urefu wa mita 4.45 na upana wa 1.69, kontena la futi 20 ndani lina urefu wa mita 5.9. Betri itolewe waya, tenki libaki na mafuta kidogo ya kuisogeza tu, na matope ya chini yaoshwe yote, hasa juu ya tenki na ndani ya boriti ya nyuma.