Tupeane uzoefu: sensa ya temprecha (kile kidude cha gari kinachopima joto la maji ya injini) ilikutesaje?

Mnyalu wa Mafinga
Wakuu poleni na baridi. Leo nimepita gereji nikakuta jamaa kigari chake kimegoma kuwaka, fundi anamwambia pampu ya mafuta, nikacheka kwa uchungu. Mie yalinikuta hayohayo hapa Mafinga mwezi wa saba, usiku unaizima nzima, asubuhi unapiga selfu mpaka betri inalia, saa nne jua likitoka inawaka kama hamjagombana. Nikabadilishiwa plagi, nikabadilishiwa pampu, noozo za mafuta zikasafishwa. Kuja kupima kwa mashine alfajiri, injini imelala usiku kucha, sensa inaiambia kompyuta ya gari, ile inayopanga mafuta, kwamba injini ina nyuzi 82! Injini ya baridi ndo inataka mafuta mengi kuwaka, sasa kompyuta imwage ya nini kwa injini ya moto? Haya leteni yenu.

Kijana wa Uyole
Yangu kinyume, ilisoma baridi muda wote. Moshi mweusi, inakunywa mafuta kama Fuso. Nikaiuza kwa hasira. Aliyenunua kabadilisha sensa tu, anapiga nayo misele Mwanjelwa.

Shemeji wa Ilula
Nyie mnalia na kuwaka, mie nilikuwa napandisha Kitonga nimepakia familia, mama mkwe siti ya mbele, mbele yetu lori linatambaa na kulipita haiwezekani, mshale wa temprecha ulikuwa umepanda kidogo halafu nikauona unashuka nikasema afadhali inapoa, kumbe paipu ya chini ya rejeta imepasuka maji yameisha yote na sensa imebaki hewani haina maji ya kupima, mara nguvu ikakata, mvuke mpaka kwenye kioo, nashuka na kiherehere changu nafungua kifuniko cha rejeta, mkono huu mpaka leo una alama. Silinda hedi ilipinda.

Binti Tukuyu
Mama mkwe alisemaje??

Fundi Mbalizi
Pole shemeji, ila sensa yako ilikuwa nzima, usiisingizie. Wenye shida ya kuwaka, chomoeni sensa, mpime kwa multimita (kipima umeme) iwe kwenye omu, yaani ipime ukinzani. Ikiwa kwenye nyuzi 20, sensa nyingi zinasoma kama omu 2,000 mpaka 3,000, ukiichovya kwenye maji ya nyuzi 80 inashuka hadi 200 mpaka 400. Moto unapanda, namba inashuka. Isiposhuka tupa.

Msomi wa Njombe
Chemsha maji tu, yakitokota ujue ni 100, huhitaji themomita.

Fundi Mbalizi
100 ya Dar hiyo. Mbeya tuko mita 1,700 hivi, maji yanatokota kwenye 94.

Msomi wa Njombe
Hizo nyuzi 6 zitaua gari?

Mama Ng'ombe
Mie niliazima themomita ya maziwa, nikachemshia sensa kwenye sufuria ya zamani. Ilikuwa mbovu kweli. Mume wangu hajui sufuria ilipokwenda, asiambiwe.

Kijana wa Uyole
Toeni themostati tu, ile vavu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, gari haichemki maisha yote.

Fundi Mbalizi
Ndo ushauri unaotulisha sisi mafundi. Ukiitoa, injini kwa baridi ya huku haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta, halafu unarudi kulalamika sensa. Na wenye gari za zamani angalieni, zingine zina sensa mbili, ya waya mmoja ya mshale na ya waya mbili ya kompyuta. Mshale unaweza kukaa vizuri na kompyuta inadanganywa.

Mama Ng'ombe
Na plagi ya sensa yenyewe mkague, nilikuta kutu ya kijani imejaa.

Binti Tukuyu
Shemeji hujajibu. Mama mkwe.

Shemeji wa Ilula
Hakusema neno. Alishusha begi lake, akasimamisha lori la vitunguu, akatutangulia Ilula.

Binti Tukuyu
😂😂 Na yule wa gereji, kigari kimewaka?

Mnyalu wa Mafinga
Nimepita saa hizi. Siti ya nyuma iko nje kwenye majani, wanatafuta pampu.